Dawa za sonona na matatizo ya usingizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Ukikaa kwenye dirisha la dawa hapa Mbeya utayasikia maswali haya kutoka kwa watu wasiofahamiana kabisa: dereva anayetoka Tunduma, mama muuza ndizi wa Mwanjelwa, mzee aliyesafiri tangu alfajiri kutoka Makete. Nimeyakusanya na kuyajibu kama mfamasia. Jambo moja nalishikilia kwenye majibu yote: kabla ya kuuliza upewe dawa gani ya usingizi, ijulikane kwanza ni nini kinachokuzuia kulala.

Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu. Usianze dawa, usiongeze wala usiiache kwa sababu ya ulichokisoma hapa.

## Mambo ya msingi

1. Dawa za sonona ni zipi, na zinahusianaje na usingizi?

Ni dawa zilizotengenezwa kutibu sonona, ile hali ya huzuni nzito au kukosa hamu ya maisha inayoendelea kwa wiki mbili au zaidi. Zinazojulikana zaidi kwenye hospitali zetu ni amitriptilini na fluoksetini, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nyingine ni setralini, sitalopramu, mirtazapini, venlafaksini na trazodoni.

Baadhi yake, kama amitriptilini na mirtazapini, huzuia kazi ya histamini kwenye ubongo. Histamini ni mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho, kwa hiyo ikizuiwa mtu husinzia. Ndivyo Piriton inavyomlegeza mtu mwenye mafua. Fluoksetini haina nguvu hiyo, na kwa watu wengi hufanya kinyume chake. Usidhani kwamba kila dawa ya sonona ni dawa ya usingizi.

2. Nililalamikia usingizi tu. Kwa nini nimeandikiwa dawa ya sonona?

Mara nyingi ni kwa mojawapo ya sababu tatu. Ya kwanza, daktari ameona kwamba kukosa usingizi ni dalili ya sonona au wasiwasi. Mtu mwenye sonona mara nyingi husinzia vizuri saa nne usiku, kisha hushtuka saa tisa au saa kumi na kubaki anahesabu mabati mpaka jogoo awike. Huyo akitibiwa sonona, usingizi nao hurudi.

Ya pili ni maumivu. Amitriptilini hutumika sana kwa watu wenye ganzi na miguu kuwaka moto kutokana na kisukari, virusi vya UKIMWI au mkanda wa jeshi. Maumivu ya namna hiyo huzidi usiku, na yakipungua mtu hulala.

Ya tatu ni kuitumia dawa kwa ajili ya usingizi wenyewe, ingawa haikusajiliwa kwa kazi hiyo. Madaktari hufanya hivyo duniani kote na si kosa, ila una haki ya kuambiwa. Dozi nayo itakuonyesha tofauti. Kwa usingizi au maumivu huanzia miligramu 10 hadi 25 usiku. Kwa sonona kwa kawaida hupandishwa taratibu mpaka 75 hadi 150. Muulize aliyekuandikia: "Hii unanipa kwa ajili ya nini hasa?" Ni swali la heshima, na jibu lake litakusaidia kujua uitumie kwa muda gani (tazama swali la 8).

3. Je, kupewa dawa hii maana yake nina ugonjwa wa akili?

Hapana, si lazima. Mwenye miguu inayowaka moto na mwenye kipandauso wanaweza kupewa amitriptilini ileile. Na kama ni sonona kweli, sonona ni ugonjwa unaotibika, humpata mchungaji, mwalimu na mkulima wa viazi bila kuchagua. Inaniuma ninapoona mtu anaiacha dawa kwa sababu shemeji kasoma karatasi iliyomo ndani ya paketi na kutangaza nyumbani kwamba ni "dawa ya vichaa". Anayejua kwa nini unaitumia ni wewe na daktari wako, na hao wawili wanatosha.

4. Kukosa usingizi huanza kuhesabiwa kuwa tatizo la kiafya lini?

Ni pale unaposhindwa kupata usingizi, au kuudumisha, angalau usiku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, ilhali nafasi ya kulala unayo, na mchana unaathirika: umechoka, una hasira, unasahau, kazi haiendi.

Mama mwenye mtoto mchanga hana ugonjwa wa usingizi. Hana nafasi ya kulala. Mtu aliyefiwa na asilale wiki mbili za matanga anaomboleza. Hao wanahitaji watu wa kuwapokea mzigo. Kidonge kwao kisiwe cha kwanza.

## Dawa yenyewe

5. Amitriptilini inasaidia usingizi kweli?

Inaleta usingizi, hilo halina ubishi kwa yeyote aliyeimeza. Swali gumu ni kama inafaa kutumiwa hivyo kwa miezi. Dawa hii ipo sokoni tangu mwaka 1961, lakini mwaka 2018 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipokusanya tafiti za dawa za sonona kwa wagonjwa wa kukosa usingizi, hawakupata ushahidi wa kuiunga mkono amitriptilini licha ya kuandikwa sana. Walichokiona ni nafuu ndogo ya muda mfupi kwa doksepini na trazodoni.

Kwa hiyo naiona hivi: kama una maumivu ya mishipa ya fahamu au kipandauso pamoja na kukosa usingizi, amitriptilini ya dozi ndogo ina mantiki nzuri, kwani inafanya kazi mbili. Kama shida ni usingizi peke yake, kuna tiba bora ya kuanza nayo (swali la 17).

Imezwe saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa sababu huchelewa kufika kileleni na hukaa mwilini muda mrefu. Ukiimeza saa sita usiku baada ya kugaagaa, asubuhi utaamka na kichwa kizito.

6. Nimesikia kuhusu doksepini, trazodoni na mirtazapini. Ni bora kuliko hiyo?

Doksepini ya dozi ndogo sana, miligramu 3 na 6, ilisajiliwa Marekani mwaka 2010 kwa watu wanaoshtuka usiku na kushindwa kurudi usingizini. Ni mfano adimu wa dawa ya sonona iliyopimwa na kukubaliwa rasmi kwa ajili ya usingizi. Usijaribu kuigawanya kapsuli ya miligramu 25 ili uipate dozi hiyo.

Trazodoni huandikwa sana Marekani kwa usingizi, lakini mwongozo wa madaktari wa usingizi wa huko wa mwaka 2017 haukuipendekeza kwa kazi hiyo. Kwa wanaume inaweza, mara chache, kusababisha uume kusimama kwa saa nyingi na maumivu. Hiyo ni dharura ya hospitali, usione aibu.

Mirtazapini humfaa mtu mwenye sonona asiyelala, asiyekula na aliyekonda. Huleta usingizi na hamu ya kula kwa pamoja. Ambaye tayari ana uzito mkubwa au anakoroma aifikirie mara mbili na daktari wake.

7. Nimeanza fluoksetini na sasa ndiyo silali kabisa. Niiache?

Usiiache. Kwanza angalia unaimeza saa ngapi. Fluoksetini huchangamsha, kwa hiyo imezwe asubuhi baada ya chai. Wengi waliokuwa wanaimeza usiku, kwa kuamini kila dawa ya "mawazo" ni ya usiku, hupata nafuu kwa kubadilisha saa tu.

Wiki mbili za mwanzo wasiwasi na kukosa usingizi vinaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Ndoto nzito na za wazi nazo ni kawaida. Ukianza kupiga mateke au kurusha ngumi ukiwa usingizini, mwambie daktari, maana dawa za kundi hili huweza kusababisha hali hiyo.

8. Nitaitumia kwa muda gani?

Kwa usingizi tu: muda mfupi, na uwe na tarehe ya kurudi kliniki kupimwa upya. Kwa sonona: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na ukishapona unashauriwa kuendelea angalau miezi sita zaidi ili isirudi. Kosa ninaloliona sana ni mtu wa sonona kuacha baada ya wiki moja kwa kuwa "ameshalala", huku wa usingizi akinunua upya mwaka hadi mwaka bila kuonwa na mtu.

9. Kwa nini msinipe diazepamu kama ile aliyopewa baba?

Diazepamu hulaza haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Baada ya wiki chache mwili huizoea, dozi inataka kupanda, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Ni dawa inayodhibitiwa, na kwa usingizi hutumika siku chache tu. Piriton nayo si suluhisho: nguvu yake ya kulaza hupungua haraka, inabaki kukausha mdomo na kuwachanganya wazee.

## Madhara na tahadhari

10. Mdomo umekauka, choo kigumu, nikisimama naona kizunguzungu. Ni dawa?

Ndiyo, hayo ni madhara ya kawaida ya amitriptilini, pamoja na ukungu wa macho, kuongezeka uzito na mkojo kutoka kwa shida. Maji, mboga za majani na matunda husaidia choo. Ukishindwa kabisa kukojoa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kizunguzungu nataka kukisemea zaidi kwa ajili ya wazee. Dawa hii hushusha presha mtu anaposimama. Sasa fikiria bibi wa Njombe au Kitulo usiku wa Julai: choo kiko nje, njia ina umande au barafu, taa hakuna, naye ameshtuka kutoka usingizi mzito. Hapo ndipo nyonga huvunjika. Kwa walio na miaka zaidi ya 65 miongozo hushauri amitriptilini iepukwe inapowezekana. Kama hakuna namna, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, tochi iwe chini ya mto, na ndoo ya usiku chumbani si aibu.

11. Mimi ni dereva. Naweza kuendesha?

Usiendeshe siku za mwanzo, wala baada ya kuongezewa dozi, mpaka ujue asubuhi yako ikoje. Nusu ya amitriptilini bado inaweza kuwa mwilini siku nzima baada ya kumeza. Anayeteremka Kitonga alfajiri na lori lenye mzigo, au mteremko wa Mbalizi, hana sekunde mbili za kusinzia. Bodaboda vilevile, na anayeendesha mashine ya kupasua mbao Mafinga. Mwambie daktari kazi yako kabla hajaandika dawa, kwa sababu anaweza kuchagua nyingine au kubadilisha saa.

12. Naweza kunywa ulanzi kidogo?

Naomba usinywe, hasa ukitumia amitriptilini, mirtazapini au trazodoni. Ulanzi, komoni, kangara na bia vyote huongezea uzito wa dawa: kupumua hupungua, kuanguka huongezeka. Wa Iringa wataniambia ulanzi wa asubuhi ni mtamu tu na haujachacha. Unaendelea kuchacha kadiri saa zinavyokwenda, na hakuna anayeupima nguvu kilabuni.

Zaidi ya hapo, pombe yenyewe ni adui wa usingizi. Hukusinziza saa tatu na kukuamsha saa nane na moyo unaokwenda mbio.

13. Je, nitakuwa teja? Naweza kuacha ghafla?

Dawa za sonona hazileti ule uchu wa kutafuta dozi kama wa diazepamu au tramadoli (dawa kali ya maumivu). Lakini mwili huzizoea, na ukizikata ghafla baada ya wiki nyingi unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, kutotulia, usingizi kupotea na ndoto za kutisha. Ndoto hizo hutokea kwa sababu dawa nyingi za kundi hili hupunguza usingizi wa ndoto, na zikiondoka usingizi huo hurudi kwa nguvu.

Wengi hudhani ugonjwa umerejea, kumbe ni kuacha vibaya. Punguza dozi hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya aliyekuandikia.

14. Tangu nianze dawa nawaza kujiua. Nifanye nini?

Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, mwende hospitali leo, hata kama ni usiku. Wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mawazo haya yanaweza kuongezeka kabla dawa haijafanya kazi. Ni jambo linalojulikana na linashughulikiwa, hutahukumiwa.

Kwa familia: amitriptilini ikimezwa kwa wingi husimamisha moyo. Ikiwa mgonjwa ana mawazo hayo, vidonge avitunze mwingine, na muombe mfamasia atoe vya wiki moja moja. Mtu akimeza vingi asisubiriwe mpaka aonyeshe dalili, wala asitapishwe nyumbani. Apelekwe hospitali na paketi yake mkononi.

## Ukiwa na ugonjwa mwingine

15. Natumia ARV. Je, zinagombana?

Swali hili lina uzito kwetu, kwa sababu Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye viwango vya juu vya maambukizi nchini. Jambo la kwanza: huenda ARV yenyewe ndiyo inayokukosesha usingizi. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha siku kinachotumiwa na wengi, huwafanya baadhi ya watu wakeshe. Kuihamishia asubuhi mara nyingi hutosha. Uliza CTC, kliniki yako ya ARV, kabla ya kuongeza dawa juu ya dawa.

Jambo la pili: kama uko kwenye mstari wa pili wa ARV wenye ritonaviri, dawa hiyo hupandisha kiwango cha amitriptilini na trazodoni kwenye damu, kwa hiyo dozi ndogo inaweza kuwa kubwa. Anayetibiwa TB sugu kwa linezolidi asipewe dawa ya sonona bila madaktari wake wote kujua, kwani pamoja huweza kuleta homa, kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa. Tramadoli ukichanganya na fluoksetini huleta hatari hiyohiyo.

Tafadhali usifiche. Ukienda kliniki ya afya ya akili beba na kadi yako ya CTC.

16. Vipi nikiwa na kifafa, moyo, tezi dume, au mimba?

Kifafa: dawa nyingi za sonona, hasa amitriptilini, huweza kurahisisha degedege. Huku kwetu nguruwe hufugwa sana, na minyoo ya tegu inayopitia kwa nguruwe ikiingia kwenye ubongo wa mtu husababisha kifafa, jambo ambalo limechunguzwa Mbozi. Kwa hiyo mtu mzima aliyepata degedege kwa mara ya kwanza achunguzwe kwanza. Karbamazepini, dawa ya kifafa, nayo hupunguza nguvu ya amitriptilini.

Moyo: aliyepata shambulio la moyo karibuni, au mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, asitumie amitriptilini. Tezi dume iliyovimba na presha ya macho: mwambie daktari mapema.

Mimba na kunyonyesha: zipo dawa zinazotumika, setralini ni mojawapo. Usiache ghafla ulipogundua ujauzito. Nenda kliniki mkaamue pamoja. Sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto.

## Kulala bila kidonge

17. Kuna tiba isiyo ya dawa inayofanya kazi kweli?

Ipo, na ningependa kila mtu aianze kabla ya kufika dirishani kwangu. Ni tiba ya mazungumzo na mazoea kwa ajili ya usingizi. Chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani mwaka 2016, na madaktari wa usingizi wa Ulaya mwaka 2017, waliiweka mbele ya dawa zote. Wataalamu wa kuifundisha ni wachache, ila nguzo zake unaweza kuzianza nyumbani.

Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala vibaya, hata Jumapili. Hii ndiyo nguzo kubwa na ndiyo inayopuuzwa. Usilale mchana ili kufidia.

Punguza muda wa kukaa kitandani. Kama unalala kwa muda wa saa tano tu lakini unakaa kitandani kwa muda wa saa tisa, panda kitandani kwa kuchelewa mpaka muda wa kitandani ukaribie muda unaolala kweli, ila usishuke chini ya saa tano. Usingizi ukishika, ongeza kidogo kidogo. Mwenye kifafa au dereva asijaribu hili bila daktari, kwa sababu siku za mwanzo utasinzia mchana.

Ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani. Najua Mufindi au Makete mwezi wa sita hakuna anayetaka kutoka kwenye blanketi, na wengi tunaishi chumba kimoja. Jifunike na shuka nzito, kaa kwenye stuli, sikiliza redio kwa sauti ya chini au shika rozari, kisha rudi usingizi ukija. Lengo ni ubongo uache kukihusisha kitanda na mateso ya kugaagaa. Simu isiwe mwenzako wa kukesha.

Na chai. Tukuyu na Mufindi chai ni mali yetu, Mbozi kahawa ndiyo ada ya shule, lakini nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa tano baada ya kunywa. Anayekosa usingizi anywe ya mwisho saa sita mchana. Jioni uji au maziwa.

Fanya hivi kwa wiki nne hadi sita kabla ya kusema haifanyi kazi. Wiki ya kwanza huwa mbaya.

## Hali za pekee

18. Nakabwa usiku, nasikia mtu kifuani na siwezi kupiga kelele. Dawa hizi zinasaidia?

Wakati wa ndoto mwili hulegezwa ili tusiigize tunachokiota. Wakati mwingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Unaona, unasikia, huwezi kusogea, na hofu hutengeneza sura ya mtu. Huisha kwa sekunde au dakika chache na haiui. Wengi huiita jinamizi au kurogwa, na sitamdharau aliyetikiswa nayo. Namwomba tu asimtuhumu bibi wa jirani kwa jambo ambalo mwili wake mwenyewe umelifanya.

Huzidi kwa walionyimwa usingizi, wanaofanya kazi za zamu na wanaolala chali. Kulala vya kutosha na ubavu huwatosha wengi. Dawa za sonona hupunguza usingizi wa ndoto, hivyo daktari anaweza kuzitumia kwa wachache ambao hali imewazidi. Ukikabwa mara kwa mara na pia unaangukia usingizi mchana ghafla, au magoti yanalegea ukicheka, huo ni ugonjwa mwingine. Venlafaksini na klomipramini ni miongoni mwa dawa zinazotumika kwa kulegea huko. Ukijikuta umeuma ulimi au umelowa mkojo, fikiria kifafa (swali la 16).

19. Nakoroma sana na mke wangu anasema pumzi hukatika.

Dawa ya sonona haitibu hilo. Koo huziba ukiwa usingizini, na dawa za kulaza zinaweza kulizidisha. Kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala ubavu husaidia. Tiba kamili ni mashine ya kusukuma hewa puani. Nenda hospitali ya rufaa, na mkeo aende kueleza anachokiona.

20. Miguu haitulii usiku, lazima niitembeze.

Hii si sawa na ganzi ya kuwaka moto. Hapa kuna hamu ya kusogeza miguu, na ukitembea inatulia. Dawa nyingi za sonona huizidisha, mirtazapini ikiwa mbele. Pima damu na madini ya chuma kwanza, hasa ukiwa mjamzito.

21. Nalala saa mbili tu lakini sichoki, nina nguvu na mipango mingi. Nipewe amitriptilini?

Hapana, na hili ndilo jibu ninalotaka ndugu walisome. Mtu ambaye kwa siku kadhaa halali lakini hachoki, anaongea bila kupumua, anagawa fedha au anaanzisha biashara tano kwa wakati mmoja, anaweza kuwa na ugonjwa wa hisia wa nguzo mbili. Dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha zaidi. Anahitaji daktari wa afya ya akili haraka. Kama aliwahi kuwa hivyo zamani na sasa ana huzuni, daktari aambiwe historia hiyo kabla ya kuandika chochote.

22. Msimu wa baridi naamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Ni dawa?

Inawezekana, hasa ukiimeza kwa kuchelewa (swali la 5). Ila jibu kwanza hili: je, mnalala na jiko la mkaa ndani? Kama na wengine nyumbani wanaamka na kichwa kinauma, ni hewa ya mkaa. Haina harufu na inaua. Aliyemeza dawa ya kulaza hatashtuka. Jiko litoke nje kabla ya mlango kufungwa, hata kama makaa yamebaki kidogo.

23. Mtoto wa miaka saba anakojoa kitandani. Nasikia amitriptilini inakomesha.

Imewahi kutumika sana, yeye na ndugu yake imipramini, na hupunguza tatizo wakati mtoto anatumia, kisha wengi hurudia. Kwa kuwa kiasi kidogo tu kinaweza kumuua mtoto, haipo mstari wa mbele. Mpunguzie vinywaji jioni, mwamshe akojoe kabla nanyi hamjalala, achunguzwe mkojo, na asichapwe. Wengi huacha wenyewe wanapokua.

24. Jirani ana shida kama yangu, na mimi nimebakiwa na vidonge. Nimpe?

Usimpe. Hujui kama ana tatizo la moyo, anameza ARV gani, wala kama usiku anawaza kufa. Vidonge vilivyobaki virudishe kwenye duka la dawa au hospitali ulikovipata. Usivitupe shimoni kwenye uwanja ambako watoto wanacheza. Vinavyoendelea kutumika vifungiwe juu, ndani ya paketi yake yenye jina lako, kwa sababu kidonge cha amitriptilini kina rangi na ganda la juu linalofanana na la pipi.